Paneli za kuua mwangwi chumba cha muziki, nichukue kwa saplaya yupi hapa Dar?

Mpenda_Dansi
Wakuu habari za jioni. Nina chumba huku Tabata, mita 4 kwa 3.5, chini tailzi, kuta za tofali zimepigwa plasta, juu jipsamu, nimekitenga kwa kusikiliza muziki tu. Spika ziko vizuri ila nikiweka muziki wa bendi ya Sikinde magitaa yanachanganyikana huwezi kujua lipi solo lipi ridhimu, halafu besi kwenye kona inavuma mpaka inakera, ukipiga kofi moja tu chumba kizima kinajibu.

Nimezunguka nimepata watu watatu. Wa kwanza Kariakoo, anauza sponji zenye meno futi moja kwa futi moja, bei rahisi. Wa pili anaagiza zile paneli ngumu za rangi rangi milimita 9, zinapendeza kwa kweli, na ana karatasi ya vipimo imeandikwa NRC 0.85 (kipimo cha kiasi paneli inavyonyonya sauti). Wa tatu fundi wa Keko, anapiga fremu ya mbao anajaza rockwool (pamba ya mawe) sentimita 5 anavalisha kitambaa, ila karatasi hana. Hela nimeidunduliza muda mrefu, sitaki kununua mara mbili.

Fundi_Besi
Mkuu mimi nilishanunua mara mbili kwahiyo nisikilize. Nilianza na sponji nikabandika ukuta mzima, chumba kikawa kama kimezibwa na pamba masikioni, sauti kali zote zimekufa, besi iko palepale inavuma. Sponji nyembamba inakula sauti za juu tu, mawimbi ya besi ni marefu mno kwake. Urefu wa chumba chako mita 4 unakupa mvumo karibu na Hz 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), hapo hata hiyo milimita 9 haigusi.

Na hiyo NRC usiitegemee sana, ni wastani wa Hz 250, 500, 1000 na 2000, besi ya chini ya hapo haimo kabisa kwenye hesabu. Muulize huyo wa pili kipimo kilichukuliwa paneli ikiwa imegusa ukuta au kuna nafasi nyuma, maana nafasi inabadilisha namba sana.

Mimi ningeenda Keko lakini siyo kwa kuamini maneno. Omba kipande cha ile rockwool tupu, sentimita 60 kwa 60 unene 5, kaweke kwenye mizani ya duka. Ikifika gramu 900 hivi ujue ni kilo 50 kwa mita ya ujazo, hiyo inafaa. Ikija gramu 300 hapana, inalegea na ndani ya fremu itashuka chini. Halafu kitambaa weka mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti inapita, ukibanwa mwambie abadilishe.

Dada_wa_Kigamboni
Kaka usisahau unyevu wetu huu wa pwani. Fremu za MDF (mbao za unga uliogandamizwa) zinavimba, mwambie fundi atumie mbao kavu, na aache sentimita 5 kati ya paneli na ukuta, hewa ipite ukungu usiingie na besi nayo inapungua zaidi kidogo. Sponji mimi siitaki ndani kwangu kwa sababu ya moto, za bei rahisi zinashika haraka na moshi wake ni sumu, rockwool yenyewe haiungui. Ila fundi avae glovu na barakoa akiikata, inawasha vibaya. Na nyuma ya fremu avalishe kitambaa pia, vumbi lake lisitoke.

Jirani_Mwema
Kama lengo ni majirani wasisikie, paneli hazizuii sauti isiende nje. Hiyo ni kazi ya mlango mzito na kuziba mianya ya dirisha.

Mpenda_Dansi
Majirani hawana shida mkuu, ni humu ndani tu. Leo nimepita Keko na mizani ya jikoni ya mama watoto, kipande kimetoka gramu 880. Kitambaa cha kwanza alichonionyesha kilibana pumzi kabisa, akatoa kingine cha kijivu kikapita vizuri. Nimeagiza nane. Naanzia wapi kuzipanga?

Fundi_Besi
Nne zipange kona, mbili mbili zikipandana toka chini mpaka juu, ziegemee kuta zote mbili ili nyuma kubaki uwazi. Kwa zile mbili za kuta za pembeni, kaa pale unaposikilizia, mwenzio apitishe kioo ukutani taratibu, ukiiona spika kwenye kioo weka alama, hapo ndipo pa kutundika. Zikibaki mbili, nyuma ya kichwa chako.