Nitajengaje ujasiri wa kupiga picha za watu, na nipate wapi maoni yanayosaidia?

Swali, kutoka kwa Mwanafunzi wa Nuru

Ndugu wapiga picha wenzangu,

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikipiga picha za watu, si kwa malipo bali kwa mapenzi tu, na karibu wote waliowahi kuketi mbele ya kamera yangu ni jamaa na marafiki. Kifaa chenyewe ninakifahamu kwa kiasi: ninajua jinsi tundu la lenzi linavyofanya mandhari ya nyuma yafifie, ninajua kasi ya shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga, inayozuia picha isitikisike, na ninaweza kupanga kila kitu kwa mkono bila kuiachia kamera iamue. Hata hivyo, mtu akishaketi na kunitazama, yote hayo hunitoka. Ninaharakisha, ninapiga picha kumi na tano mfululizo zinazofanana, kisha ninamshukuru na kumruhusu aondoke upesi, kana kwamba nimemkosea kwa kumchukulia muda wake.

Juma lililopita shangazi yangu alikubali nimpige picha. Alikuwa akinisimulia jambo la zamani, akacheka mpaka akajishika shavu. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikikagua kwenye skrini kama picha iliyotangulia ilipata mwanga wa kutosha. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshafumba midomo, amenyoosha shingo na kukaza macho kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Picha zote nilizo nazo ni za uso huo wa pili. Ule wa kwanza ninao moyoni tu, na bado unaniuma.

Tatizo langu jingine ni maoni. Watu wa nyumbani husema "nzuri sana" kwa kila picha. Nikizipeleka kwa wapiga picha wengine, nyingi hupita kimya, na safari moja mtu aliniandikia kwamba sina jicho la kazi hii, bila kueleza ni kitu gani alichokiona. Baada ya maneno hayo sikuigusa kamera kwa wiki tatu. Ninaomba wenye uzoefu mnieleze: ni mazoezi ya namna gani yaliyowaondolea woga, na mlijifunza vipi kupata maoni yenye manufaa?

Jibu la 1, kutoka kwa Mkaa Dirishani

Nianze na shangazi yako, kwa sababu kisa chake kinaonyesha mahali hasa pa kuanzia. Uliinamia skrini kwa kuwa ulikuwa bado hujamaliza kazi ya mwanga wakati yeye ameshaketi. Kazi hiyo inapaswa kukamilika kabla mtu hajafika. Weka kiti karibu na dirisha, kwa upande, ili mwanga umwangukie usoni kwa mshazari. Nyoosha mkono wako mahali kichwa chake kitakapokuwa, upige picha ya kiganja, urekebishe mpaka ngozi ionekane ilivyo, kisha uache vipimo hivyo bila kuvigusa. Kama mwanga wa nje haubadilikibadiliki, kwa dakika ishirini zinazofuata huna sababu ya kutazama skrini, na macho yako yote yanakuwa kwa mtu.

Usiitegemee sana mita ya mwanga ya kamera katika hatua hii. Mita hiyo huchukulia kwamba kila inachokiona kina weupe wa wastani. Kwa hiyo ukimweka mtu mbele ya ukuta mweupe sana uso hutoka na giza, na ukimweka mbele ya pazia jeusi uso hufifia kwa kuzidiwa na mwanga. Nimewaona watu wengi wakijilaumu kwa kosa ambalo kwa kweli ni tabia ya kifaa.

Vipimo ninavyoanza navyo ni hivi: tundu la f/2.8 au f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda kadiri inavyohitajika, hata kufikia 1600. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa katika picha zinavumilika. Jicho lililotikisika halirekebishiki. Lenga jicho lililo karibu nawe zaidi, kwani kwa tundu kubwa kama f/1.8 inatosha mtu kuyumba kidogo tu ili ukali wa picha uhamie sikioni. Usisimame karibu mno pia. Ukiwa nusu mita kutoka usoni, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na hilo linasababishwa na umbali, wala si lenzi yenyewe. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, ndipo uchague lenzi inayojaza fremu, kama ile ya milimita 85. Anayetumia simu anapaswa kulikumbuka hili zaidi, maana lenzi kuu ya simu huona eneo pana na humvuta mpigaji asogee.

Sasa nije kwenye zoezi lenyewe. Nilipokuwa na woga kama wako, nilimwomba ndugu yangu mmoja aketi kwenye kiti kilekile, dirisha lilelile, lenzi ileile, mara moja kila juma kwa miezi mitatu. Ilionekana kazi ya kuchosha, lakini vitu vinavyobadilika vikiwa vichache, kosa haliwezi kujificha. Katika kikao cha tatu niligundua kwamba macho yake yalikuwa kama yamezimika katika karibu kila picha. Nilizikuza picha hizo na kuzitazama kwa muda mrefu kabla ya kuelewa: paji lake la uso limejitokeza kidogo, na dirisha lilikuwa juu yake, hivyo kivuli cha nyusi kilifunika macho. Juma lililofuata nilimwomba ainue kidevu kwa upana wa vidole viwili na ageuze uso kuelekea dirishani. Pakatokea nukta ndogo nyeupe katika kila jicho, taswira ya dirisha lenyewe, na uso mzima ukawa hai. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiketi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni nukta ile. Ujasiri wangu ulianzia pale, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua kwa nini picha imekuwa nzuri, na nilijua naweza kuirudia.

Ongeza zoezi moja jingine: jipige picha wewe mwenyewe kwa saa ya kamera inayochelewesha kupiga, kisha umwombe rafiki akupige. Utahisi jinsi inavyosumbua kukaa mbele ya mtu aliyejificha nyuma ya kamera asiyesema neno, na hutamfanyia mwingine hivyo tena.

Jibu la 2, kutoka kwa Msomaji wa Vivuli

Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu mazoezi, nami nitajikita kwenye maoni, kwa kuwa naona ndipo palipokuumiza zaidi.

Maoni yoyote yapime kwa swali moja: je, yanaelekeza kidole mahali fulani ndani ya picha? "Mkono wa kushoto umekatwa penye kiungo" ni maoni, hata yakisemwa kwa ukali. "Huna jicho" hayaelekezi popote; yanamzungumzia mpigaji, hayaizungumzii picha, na kwa hiyo hayana kitu unachoweza kukifanyia kazi kesho asubuhi. Kwa kipimo hichohicho, "nzuri sana" ya nyumbani nayo haielekezi popote, ingawa inatoka kwenye upendo. Sitaki uwadharau watu wa nyumbani; ninachosema ni kwamba waulizwe kwa namna nyingine.

Mtu akiulizwa "unaionaje?" hukujibu kwa adabu. Muulize badala yake: "Jicho lako limetua wapi kwanza?" Swali hilo haliogopeshi, halihitaji utaalamu, na hata mtoto anaweza kulijibu. Akikwambia ametazama kwanza chupa iliyo nyuma ya bega, umepata somo ambalo mtaalamu angekupa kwa maneno mengi. Kwa wapiga picha wenzako, peleka picha moja tu, wala si kumi, ueleze ulikusudia nini na ni kitu gani kinakutia shaka: "Nilitaka aonekane mtulivu, lakini naona kivuli cha upande wa kulia kimekuwa kizito, nanyi mnakionaje?" Ukimya unaoulalamikia mara nyingi hutokana na msomaji kutojua aanzie wapi.

Kuna mshauri mmoja ambaye wengi wetu humsahau, naye ni yule aliyepigwa picha. Mwonyeshe picha tano na umwombe achague ile anayojitambua ndani yake. Msikilize vizuri, lakini kumbuka kwamba mtu amezoea kujiona kwenye kioo, ambako kushoto na kulia kumegeuzwa, na kwa sababu hiyo sura yake halisi humshangaza kidogo. Akisema "mdomo wangu umepinda upande", huenda hujakosea lolote. Pale ambapo uchaguzi wake na wako unatofautiana, kaeni mzungumze. Mimi nilijifunza kwa njia hiyo kwamba nilikuwa napenda nyuso zenye huzuni kuliko wenyewe wanavyojijua.

Nisisitize jambo moja la heshima: kabla hujaiweka picha ya mtu mbele ya macho ya wageni ili waikosoe, mwombe ruhusa na umweleze kwamba itakosolewa. Shangazi alikubali kupigwa picha. Kukubali kujadiliwa na watu asiowajua ni jambo jingine.

Jibu la 3, kutoka kwa Mtunza Filamu

Naomba kutofautiana kidogo na wenzangu. Maoni yana manufaa, lakini yakizidi humfanya mtu apige picha za kuwaridhisha waamuzi. Nilipitia hali hiyo: kila picha yangu ilikuwa na macho makali, mandhari ya nyuma iliyofifia na mwanga wa mshazari, na hakuna hata moja niliyotamani kuitazama tena.

Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa nyuso wa karne ya kumi na tisa, alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Wakosoaji wa picha wa wakati wake huko Uingereza walimlaumu kwa kutolenga kwa ukali na kwa alama zilizobaki kwenye vioo vyake, vilivyotumika wakati huo mahali pa filamu. Hakubadilika, kwa kuwa wororo ule ndio aliokuwa akiutafuta katika nyuso. Simtaji ili upuuze makosa. Kosa ni kosa. Namtaja kwa sababu mtu anayejua anachokitafuta anaweza kusikiliza lawama bila kuvunjika moyo, na anaweza kuamua ipi aichukue na ipi aiache.

Kuhusu zile picha kumi na tano za mfululizo, mfikirie Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyejifunza mwenyewe na kufungua studio yake Bamako mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kazi yake kubwa ilifanyika kabla ya kubonyeza: alimpanga mtu, akageuza kichwa, akaipa mikono mahali pa kukaa. Jaribu kikao cha picha kumi na mbili tu, usizidishe hata moja. Mikono ikishapata pa kukaa, uso hulegea wenyewe.

Mwanafunzi wa Nuru anaandika tena

Ndugu zangu, asanteni kwa dhati. Nilisubiri siku kumi kabla ya kujibu ili nije na kitu mkononi.

Nilimwomba kaka yangu aketi kando ya dirisha, nikapima mwanga kwa kiganja changu kabla hajaingia chumbani, nikajiwekea kikomo cha picha kumi na mbili. Tano za mwanzo zina uso wa kitambulisho. Ilipofika ya sita niliishusha kamera hadi kifuani, nikampa saa yake ya zamani iliyosimama na kumwomba anieleze ilivyoharibika. Alianza kuigeuzageuza kwa vidole huku akieleza, na nilipoona anataka kuinua macho nikaipandisha kamera taratibu. Picha ya nane anatazama juu, bado anafikiri, kidole gumba kikiwa juu ya kioo cha saa. Nukta nyeupe zipo katika macho yote mawili.

Nilimwuliza mama jicho lake limetua wapi kwanza. Hakusema "nzuri sana". Alinyamaza kidogo, kisha akasema ametazama mkono wa shati, kwa sababu unang'aa kuliko uso. Nilikuwa sijauona kabisa, na sasa siwezi kuacha kuuona. Je, niupunguze mwanga huo wakati wa kuhariri, au nirudie kikao?

Jibu la 4, kutoka kwa Mkaa Dirishani

Fanya yote mawili. Katika picha hiyo, punguza mwanga wa mkono wa shati kidogo, mpaka jicho lirudi usoni, na usiendelee zaidi ya hapo. Kisha umwombe kaka aketi tena akiwa na shati la rangi iliyokoza, au usogeze kiti ili mkono huo uwe mbali zaidi na dirisha. Shangazi naye mwalike baada ya vikao viwili vitatu vya namna hii, na umwombe akusimulie kile kisa tangu mwanzo.