Kusomea udaktari wa mifugo Hungaria: je, itanifaa huku Tabora?

Kijana wa Igunga: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nami ninafikiria kuomba nafasi Chuo Kikuu cha Tiba ya Mifugo cha Budapest, ambako udaktari wa mifugo hufundishwa pia kwa Kiingereza. Je, shahada hiyo itanifaa nikirudi kuhudumia ng'ombe wa kwetu?

Daktari wa Mifugo, Tabora: Marahaba, kijana wangu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1787 na kozi yake ni ya miaka mitano na nusu; ubora wake sina shaka nao. Ninachokitazama ni magonjwa yenyewe, kwa kuwa Ulaya hakuna mbung'o waenezao nagana, na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na kupe, utaisoma zaidi vitabuni, ilhali huku mfugaji atakuletea ndama mwenye homa, matezi yaliyovimba chini ya sikio na pumzi za taabu, akitaka jibu papo hapo. Ukipata likizo ndefu (nauli nayo si mchezo), rudi ujifunze kazini kwa daktari wa wilaya.

Mama Nzega: Naongezea, mwanangu, kwamba shahada ya nje hutambuliwa kwanza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kisha ndipo unaomba usajili katika Baraza la Veterinari, kwa hiyo tunza matokeo na mihtasari ya kila muhula. Binafsi ningeanza na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, miaka mitano, halafu nje nikafuate ubingwa.

Kijana wa Igunga: Ahsanteni sana. Nitaomba kote kuwili.