Tunalipia ulinzi, lakini anayefungiwa ni mtoto, mgeni anapita tu

Wazazi wenzangu, nimekaa na jambo hili siku tatu nikingoja hasira ishuke. Haijashuka, basi naandika hivyohivyo.

Jina la shule silitaji, wala mji, kwa sababu binti yangu wa P5 (darasa la tano) bado analala pale. Jueni tu ni hapa Uganda, upande wetu wa mpaka na Kenya, ni shule ya kulipia yenye bweni, na kwenye karatasi ya ada kuna mstari unaosema "Ulinzi: 10,000". Kila mtoto, kila muhula.

Jumanne nilimpelekea mtoto dawa ya pumu. Saa nne asubuhi geti liko wazi, kiti cha askari kipo, koti lake limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Mezani kuna daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikasema niandike jina kama mtu mwenye adabu zake. Nafungua, jina la mwisho kuandikwa pale ni langu mimi mwenyewe, la siku ya kutembelea watoto, wiki tatu nyuma! Yaani shule ya watoto zaidi ya 600 haijaingiwa na mtu wiki tatu? Mleta kuni hakuja? Wa unga wa posho na maharage naye?

Nikaingia. Jikoni mpishi akaniambia karibu mama, akanionyesha P5 kwa mwiko. Mwalimu aliyekuwa darasani ni kijana mgeni, hanijui, simjui. Nikamwambia namtaka fulani. "Ni wako?" Nikasema ndiyo. "Haya, mchukue." Basi. Nikamtoa, tukakaa chini ya mwembe, akavuta dawa yake, tukazungumza, hakuna hata aliyechungulia. Ningekuwa mtu mwingine ningempakia kwenye boda tukawa tumevuka mpaka kabla kengele ya uji haijagongwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini methali ile haikutungwa kwa ajili ya bweni la wasichana wa miaka kumi.

Askari nilimkuta nyuma ya jiko anapasua kuni. Ni mzee wa watu, simlaumu sana. Alinieleza mwenyewe kwamba analipwa 120,000 kwa mwezi, na miwili hajaiona. Mchana anashika geti, anapasua kuni, anafyeka nyasi, usiku analinda. Silaha yake rungu na tochi isiyo na betri. Sasa pigeni hesabu pamoja nami: 10,000 mara watoto 600 ni milioni 6 kwa muhula. Mshahara wa mzee huyu kwa miezi mitatu, hata angelipwa wote, ni 360,000. Zile nyingine zinalinda nini?

Nitawaambia zinalinda nini. Kuna kamera moja shuleni. Inatazama dirisha la bursa, mpokea ada.

Mzee akanipeleka nyuma nikaone. Huko ua ni michongoma na seng'enge mbovu, na katikati kuna pengo ambalo pikipiki inapita bila kupunguza mwendo. Ni njia ya panya, kila mtu anaijua. Usiku boda wanakatiza humo na majerikeni ya petroli ya magendo, hatua kama 20 kutoka bweni la watoto wadogo. Sikusimuliwa hilo, ardhi yenyewe inanuka petroli.

Hapo ndipo nilipoliangalia bweni lenyewe. Madirisha yote yana nondo. Mlango ni mmoja, wa chuma, na kufuli linafungwa kwa NJE saa tatu usiku. Ufunguo analala nao metroni, na metroni analala nyumba za walimu, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo anayetoka nje kuja ndani hana kizuizi, ila mtoto wa ndani hawezi kutoka. Ulinzi gani huu umegeuzwa ndani nje kama soksi?

Na si kwamba nchi hii haijafundishwa. Budo Junior, Aprili 2008, wasichana 19 waliteketea bwenini. Salama kule Mukono, shule ya watoto wasioona, Oktoba 2022, watu 11. Kichwamba 1998, wanafunzi wapatao 80 walichomwa na waasi wa ADF. Aboke 1996, wasichana 139 wa shule walichukuliwa usiku mmoja na waasi wa LRA, Sista Rachele, mtawa wa shule hiyo, akawafuata waasi porini akarudi na 109. Na Juni 2023 pale Mpondwe, Lhubiriha, shule iliyo karibu kabisa na mpaka wa Kongo, waliuawa zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, na bweni la wavulana likachomwa moto wakiwa ndani. Huko nako ni mpakani kama kwetu.

Nikamwendea headmasta. Akanikaribisha kiti, akanisikiliza huku anachezea simu, kisha akasema, "Mama, hapa ni mjini, sio Mpondwe." Kuhusu kufuli akasema muhula uliopita wasichana wawili wa P7 walitoroka kwenda kwenye ngoma ya matanga, wazazi wakamjia juu, ndiyo maana anafunga. Hapo kidogo nilinyamaza, kwa sababu ni kweli sisi ndio tulipiga kelele. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye kikao. Lakini tulisema watoto waangaliwe, hatukusema wafungiwe kama kuku.

Sitaki ukuta wa Ikulu. Nataka metroni alale bwenini na ufunguo uwe ndani, mlango wa pili utobolewe, nondo za madirisha mawili ziwekewe bawaba zifunguke, askari wawe wawili na walipwe, na mtoto asikabidhiwe mtu ambaye jina lake haliko kwenye fomu aliyoijaza mzazi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, anakaa mita 100 kutoka lile pengo, naye hajawahi kuulizwa kitu.

Ninyi wa Malaba, wa Arua, wa Bwera, niambieni: usiku ufunguo wa bweni la mtoto wako unalala wapi? Msinijibu "sijui". Pigeni simu muulize kwanza, ndipo mrudi hapa.

NYONGEZA, Ijumaa jioni: Shule imechukua hatua. Yule mzee wa geti amefukuzwa, na ile miezi miwili hawajamlipa. Pengo wameliegemeza matawi ya mwembe. Nilipopita saa kumi na mbili, mwenye boda alikuwa ameshayasogeza pembeni, akanipungia mkono.