Maji, magadi na dhahabu: kipi ni elementi, kipi ni kampaundi, kipi ni mchanganyiko?

Mzazi, Moshi

Habari za jioni, wanajukwaa, na walimu shikamooni. Ninauza nafaka na magadi katika soko la Mbuyuni, na binti yangu yuko kidato cha kwanza. Juzi alirudi na zoezi la kemia lililotushinda sote nyumbani. Alitakiwa kusema kila kitu ni elementi, kampaundi au mchanganyiko. Maji ameyaandika kuwa ni mchanganyiko, kwa hoja kwamba yana haidrojeni na oksijeni, na vitu viwili vikiwa pamoja vimechanganyika. Mwalimu wake amemkosesha. Kwenye magadi alikwenda mbali zaidi: alichukua bonge dogo kutoka kwenye gunia langu, akalikamulia ndimu, likatoa povu, naye akasema kwamba gesi ilikuwa imechanganyika humo ndani. Hapo pia amekosa, ingawa mimi binafsi niliona ana hoja. Naomba anayefahamu atueleze tofauti iko wapi hasa, maana maelezo ya daftari amekwisha kuyakariri na bado hayajamwingia.

Mwalimu wa kemia, Arusha

Marahaba, mama, na pole na kazi ya soko. Kosa la binti ndilo ninalokutana nalo kila mwaka: mwanafunzi anahesabu vitu vilivyomo, akivikuta viwili anaandika mchanganyiko. Kuhesabu kunatusaidia kuitambua elementi, ambayo ni ya aina moja tu ya atomu, yaani chembe ndogo zinazounda kila kitu, lakini hakutupi tofauti ya kampaundi na mchanganyiko. Hapo inabidi kuuliza kama vitu hivyo vimekaa tu pamoja, huo ni mchanganyiko, au vimeungana hadi kila kimoja kimepoteza tabia yake, hiyo ni kampaundi. Haidrojeni ni gesi inayowaka, na oksijeni ni gesi inayochochea moto, lakini maji yanayotokana nazo ndiyo tunayozimia moto. Katika maji hakuna tena gesi inayowaka wala inayochochea. Kuna kitu kipya.

Alama ya pili ni uwiano. Ukiisha kuyaondolea uchafu na chumvi, maji ya mto Karanga, ya mvua za masika na ya barafu ya Kibo yote yana gramu 2 za haidrojeni kwa kila gramu 16 za oksijeni. Mkemia Mfaransa Joseph Proust ndiye aliyeitetea kanuni hiyo ya uwiano usiobadilika mwishoni mwa karne ya 18, wakati wenzake wengine walikuwa hawajaikubali. Sasa linganisha na chai: weka kijiko kimoja cha sukari au vinne, bado ni chai ya sukari, na utamu wa sukari umebaki vilevile ulivyokuwa kwenye kopo. Kuitenga sukari na maji ni suala la kukausha maji tu. Haidrojeni na oksijeni haziachani kwa kuchuja wala kwa kuchemsha, kwa sababu hata mvuke wa sufuriani ni maji yaleyale; hapo unahitaji njia ya kikemia, kama vile kupitisha umeme.

Kuhusu magadi, binti alifanya jambo jema sana kujaribu kwa mkono wake, na ningependa asivunjike moyo. Magadi ya Ziwa Natron kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo trona, ambayo ni kampaundi ya sodiamu, kaboni, oksijeni na haidrojeni. Povu aliloliona ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo haikuwa imejificha ndani ya bonge kama hewa ndani ya andazi. Imezaliwa pale asidi ya ndimu ilipokutana na magadi. Hata hivyo, yale ya kwenye gunia lako, mama, ni mchanganyiko kweli, kwa kuwa trona imekuja pamoja na udongo na chumvi ya kawaida kutoka ziwani. Koroga kidogo ndani ya maji, acha yatuame, kisha chuja kwa kitambaa safi: udongo utabaki juu ya kitambaa. Chumvi haitabaki, kwa sababu nayo imeyeyuka. Kwa hiyo jibu la binti si la kufutwa lote; sababu aliyoitoa ndiyo isiyo sahihi.

Sonara, Arusha

Naongeza la kwetu. Dhahabu ya karati 24 ni elementi. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, na zinazobaki kwa kawaida ni fedha na shaba. Huo ni mchanganyiko, ingawa hata kwa lenzi huwezi kuona mahali dhahabu inapoishia na shaba inapoanzia. Ninausema kuwa mchanganyiko kwa sababu uwiano naupanga mimi: nikizidisha shaba rangi inaelekea wekundu, nikizidisha fedha inapauka. Binti asidhani kwamba kila mchanganyiko lazima uonekane kwa macho kama mchele na kokoto.

Mwongoza wageni wa Kilimanjaro, Moshi

Kanuni ya uwiano itumike kwa uangalifu. Hewa ina naitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni 21, na uwiano huo ni uleule hapa mjini na kule kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Wageni hudhani kileleni asilimia ya oksijeni imepungua, kumbe kilichopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa nzima, hadi karibu nusu ya ile ya pwani. Pamoja na uthabiti huo hewa ni mchanganyiko, kwa kuwa oksijeni iliyomo bado inachochea moto, na hewa ikigandamizwa na kupozwa hadi kuwa kimiminika, naitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196 na oksijeni kwenye −183, zikaachana.

Mzazi, Moshi

Asanteni sana. Tumechuja magadi na udongo umebaki kama mwalimu alivyosema. Sasa binti anauliza: tunajuaje kwamba dhahabu ni elementi, na si kampaundi ambayo bado hajatokea mtu wa kuivunja?

Mwalimu wa kemia, Arusha

Swali hilo liliwahi kuwatesa wakubwa. Mwaka 1789 mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alipoorodhesha elementi aliitia na chokaa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuivunja, ingawa yeye mwenyewe alishuku kwamba ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1808 mkemia Mwingereza Humphry Davy, kule London, alitumia umeme akapata kutoka katika chokaa metali mpya, kalsiamu. Chokaa ikatoka kwenye orodha. Leo hatutegemei tena kushindwa kuvunja. Tunahesabu protoni, yaani chembe zenye chaji chanya katika kiini cha atomu: kila atomu ya dhahabu ina 79, si zaidi wala pungufu, wakati katika chokaa iliyotoka tanurini utakuta atomu zenye 20, ambazo ni kalsiamu, na zenye 8, ambazo ni oksijeni. Elementi zinazojulikana kwa hesabu hiyo ni 118. Mwambie aandike sababu hiyo kwenye zoezi lake, na kwenye magadi aeleze kwanza kama anazungumzia trona au gunia la mama yake.