Tupeane uzoefu: Kusoma mizania ya kampuni ya teknolojia kabla ya kununua hisa

Mwana wa Shangani: Wakuu, malipo ya korosho yameanza kuingia na hapa Mtwara mjini kila kijiwe kinaongelea hisa za kampuni za simu na mitandao. Wengi wanatazama faida tu. Aliyewahi kufungua mizania, ile taarifa ya mali, madeni na mtaji wa kampuni, aseme alikutana na nini.

Mdau Nachingwea: Mimi naanza na wadaiwa, yaani wateja waliouziwa ila hawajalipa bado. Mauzo yakipanda huku wadaiwa wanapanda kwa kasi zaidi, hela bado haijaingia. Wa korosho tunalijua hilo: mzigo uko ghalani, stakabadhi mfukoni, ada ya mtoto inadaiwa.

Binti Newala: Umenikumbusha mbali kaka. Kikundi chetu kilitaka kununua hisa za kampuni moja ya nje ya nchi inayotengeneza programu za malipo. Mimi ndiye katibu, nikapakua ripoti ya mwaka, nikaisoma usiku simu ikiwa kwenye chaji. Jumla ya mali inapendeza. Kushuka chini, zaidi ya nusu ni gudwili, ile ziada waliyolipa kununua kampuni nyingine juu ya thamani ya mali zake ukitoa madeni. Hiyo huwezi kuiuza ukalipa deni. Na mkopo wa benki unaiva mwaka unaofuata, taslimu haifiki hata robo yake! Nikasimama kikaoni nikasema. Mjomba wangu mwenyewe akanijibu mbele za watu, "Una kijicho wewe." Kina mama kimya. Nililia njia nzima. Waliotaka wakanunua. Mwaka uliofuata gudwili ikafutwa karibu yote, mtaji wa wanahisa ukawa hasi, yaani madeni yakazidi mali. Mjomba hanisemeshi mpaka leo, na hela yake inaniuma kama yangu.

Kitere: Pole sana dada. Ulisimama kweli.

Mzee wa Mikindani: Pole mwanangu. Kampuni ambayo madeni ya muda mfupi, ya kulipwa ndani ya mwaka, yamezidi mali za muda mfupi, yaani taslimu na zinazogeuka taslimu ndani ya mwaka, kimbieni.

Ligula B: Shikamoo mzee, hapo napinga. Apple, Septemba 2022: mali za muda mfupi dola bilioni 135, madeni ya muda mfupi bilioni 154. Haikutetereka, fedha inaingia kila siku na ina dhamana za muda mrefu pembeni, yaani uwekezaji inaoweza kuuuza sokoni.

Mzee wa Mikindani: Marahaba. Kampuni ngapi ni Apple? Msiwaponze watu.

Ligula B: Siwaponzi mzee. Tenganisheni madeni. Mteja aliyelipia huduma ya mwaka mzima mbele naye yumo upande wa madeni, ila anadai huduma, hadai hela.

Mdau Nachingwea: Na kodi ya pango la minara ya simu. Tangu 2019, IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, inaingiza mikataba mingi ya upangaji kama deni. Ukilinganisha na 2018 utadhani wamekopa ghafla.

Kitere: Mimi nasema nunueni hatifungani za serikali, yaani muikopeshe serikali kwa riba, mlale usingizi.

Mwana wa Shangani: Binti Newala, ripoti ina kurasa zaidi ya mia, hiyo gudwili uliifuatiliaje?

Binti Newala: Kwenye mizania ile, pembeni ya mistari mingi kulikuwa na namba ndogo. Ni namba ya noti, yaani maelezo ya ziada. Nenda nayo nyuma, utakuta ni kampuni ipi ilinunuliwa na kwa kiasi gani.