Sinema za kale za kutisha (miaka ya 50 na 60): ipi ilikunyima usingizi? Tupeane uzoefu

Mwenye Mada

Wakuu, salaam.

Juzi kijana wangu alinikuta naangalia picha nyeusi na nyeupe, akaniuliza kama TV imeharibika. Nikaona bora tuyaongee haya mambo kabla hatujaondoka nayo. Nazungumzia zile picha za mazimwi, viumbe wa sayari nyingine na maiti wanaotembea, zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa 60. Sema uliiona wapi, nini hasa kilikutisha, na ukiirudia leo inakuwaje. Ukituletea orodha ya kumi bora uliyonakili mahali, tutakusindikiza mlangoni.

Naanza mwenyewe. Them! ya 1954. Niliiona kwa mjomba Morogoro enzi za deki, mkanda umechakaa mpaka chini ya kioo kuna mistari inakimbia. Polisi kwenye jangwa la New Mexico wanamwokota mtoto wa kike anayetembea peke yake, kakumbatia mwanasesere aliyebomoka kichwa. Hasemi, hapepesi macho. Anakuja mtaalamu mzee, anampitishia puani asidi ya fomiki, ambayo ndiyo harufu ya sisimizi, na mtoto analipuka kwa ukelele. Mpaka hapo hujaonyeshwa mdudu hata mmoja! Unasikia tu mlio mwembamba unapanda na kushuka huko nyuma ya mchanga.

Sisi tuliolelewa shamba siafu tunawajua, tumeamshwa usiku wa manane tukahama nyumba na mikeka kichwani. Sasa nioneshe wadudu wa jamii hiyo wenye urefu wa mita karibu tatu, waliokuzwa na mionzi ya bomu la atomiki lililojaribiwa jangwa hilohilo mwaka 1945. Choo chetu kilikuwa nje. Nilibana mpaka alfajiri.

Karibuni.

Opereta Mstaafu (Tanga)

Wanangu, nyie mliziangalia. Mimi nilizionyesha.

Nilianza kama msaidizi wa opereta, kazi ya kubeba makopo ya filamu na kurudisha rili nyuma. Projekta zile zilikuwa za kaboni: vijiti viwili vinawaka kwa umeme, vinatoa mwanga mkali ajabu, na kadiri vinavyokwisha lazima uvisogeze. Rili moja ni kama dakika ishirini. Ikikaribia mwisho inatokea alama ya duara pembe ya juu kulia. Ya kwanza, washa mota ya projekta ya pili. Ya pili, hamisha. Ukichelewa pazia linakuwa jeupe na watu wanakutukania mama.

Picha iliyofika kuliko zote ni Dracula ya 1958, ya kampuni ya Hammer ya Uingereza, Christopher Lee na Peter Cushing. Hii ilikuwa ya rangi. Watu walikuwa wamezoea damu nyeusi, sasa wanaiona nyekundu mdomoni, na macho ya Lee mekundu vilevile. Angalieni jambo moja: Lee anaongea mwanzoni tu, kwa adabu kabisa, anamkaribisha mgeni, anambebea mzigo. Akishaonyesha meno hasemi tena hadi picha inakwisha.

Mimi nilikuwa naangalia watu kupitia kale katundu ka chumba cha projekta. Mabenchi ya mbele, tiketi ya bei nafuu, ndiko unakojua picha imefika au haijafika. Kuna jamaa mmoja mpakuzi wa bandarini alikuwa kila onyesho anasimama juu ya benchi kumwelekeza Cushing: “Pazia! Vuta pazia, mzee, jua liko nje!” Ameiona jana, ameiona juzi, anajua kabisa pazia litavutwa. Bado anamhimiza. Na Cushing akishalivuta, akavukanisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba, basi ukumbi mzima unapigana makofi mgongoni.

Dogo wa Mbagala

Wazee shikamooni, ila mnatuchosha. Nilijaribu hiyo Plan 9 from Outer Space, mawe ya makaburi yanatikisika mtu akipita. Maboksi matupu. Hiyo nayo inatisha nini?

Mwenye Mada

Marahaba. Dogo, umeokota embe lililooza chini ya mti halafu unasema mwembe hauzai. Hiyo tunaiangalia kwa kucheka. Bela Lugosi alifariki Agosti 1956 akiwa amepigwa picha vipande vichache tu, dairekta Ed Wood akamtafuta mtu aendelee badala yake. Akamchukua mnyoosha viungo wa mkewe, ambaye hafanani na marehemu hata kidogo, kwa hiyo picha nzima anatembea kajifunika joho usoni.

Kaka Mkubwa

Na msisahau Robot Monster, 1953. Mvamizi kutoka mwezini amevaa ngozi ya sokwe na kofia ya chuma ya mpiga mbizi. Wameishiwa hela nusu ya vazi.

Bint wa Kisosora

Opereta, shikamoo baba. Ni kweli kuna sinema walikuwa wanatetemesha viti?

Opereta Mstaafu (Tanga)

Marahaba mwanangu. Ni kweli, huko Marekani. The Tingler, 1959, ya William Castle. Walifunga vimota chini ya baadhi ya viti, ikifika sehemu fulani pazia linazimwa, Vincent Price anawaambia mpige kelele kuokoa maisha yenu, na huku kiti kinakutekenya. Castle huyohuyo kwenye picha yake nyingine alikuwa anarusha mifupa ya bandia juu ya vichwa vya watu kwa kamba.

Kwetu hakukuwa na haja ya vimota. Kunguni walitosha.

Baharia

Nimecheka peke yangu ndani ya daladala.

Yangu ni Godzilla, lile zimwi la Kijapani linalotoka baharini, na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Utotoni niliijua kama katuni na mieleka ya wanasesere, zile za baadaye anazopigana na mazimwi wenzake. Nikaja kufanya kazi melini. Safari moja tukakaa Tokyo tukisubiri vipuri, na bosi wangu wa injini, Mjapani mtu mzima, siku ya mapumziko akanipeleka Yumenoshima. Nilidhani ni bustani tu. Ndani kuna jengo, na ndani ya jengo kuna meli ya mbao ya kuvulia jodari, nzima, unasimama chini ya tumbo lake. Daigo Fukuryu Maru. Mimi ni mtu wa pwani, jahazi na mashua nazijua, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama mbao na misumari. Meli ya kawaida kabisa ya watu wanaotafuta riziki.

Tarehe 1 Machi 1954 wavuvi 23 walikuwa ndani yake, nje ya eneo la hatari lililotangazwa, Wamarekani wakalipua bomu la haidrojeni kisiwa cha Bikini. Bomu likawa kubwa kuliko walivyokadiria. Wale jamaa waliona mwanga upande wa magharibi, kisha baada ya saa kadhaa ikaanza kuwadondokea vumbi jeupe, matumbawe yaliyosagika na kuungua. Wakaendelea kuvuta mishipi huku wanajifuta. Wakarudi nyumbani wamebabuka, nywele zinatoka. Mtu wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huohuo.

Godzilla ilitoka Novemba mwaka huohuo. Sasa kaitazameni inavyoanza: meli ya mizigo, mabaharia wamepumzika, mmoja anapiga gitaa, ghafla bahari inawaka mwanga mweupe. Mjapani wa 1954 hakuhitaji kuelezwa. Dairekta Ishiro Honda mwenyewe alikuwa mwanajeshi, na alipita Hiroshima baada ya vita. Ile sehemu ya hospitali, watu wamelazwa sakafuni na daktari anampima mtoto kwa kifaa cha mionzi halafu anatikisa kichwa, si ya kubuni sana.

Ule mngurumo pia: mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alichukua zeze kubwa la besi, akalegeza nyuzi, akazisugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Na ndani ya lile vazi alikuwamo mtu, Haruo Nakajima. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, taa za studio juu yake. Alikuwa anatembea hatua chache anaishiwa pumzi.

Tafuteni ya Kijapani yenyewe. Ile ya Kimarekani ya 1956 wamempachika Raymond Burr anasimulia, na maneno mengi ya bomu wameyapunguza.

Mombasa Raha

Baharia, hapo umetufunza, ahsante.

Mie ni The Blob, 1958. Mjomba alikuwa na Peugeot pikapu, tukienda Nairobi likizo anatupeleka Fox Drive-In, sinema ya kuangalia ukiwa garini, Thika Road. Watoto nyuma kwenye bodi na mablanketi, baridi ya Julai, spika moja imening'inizwa dirishani na sisi nyuma hatusikii vyema. Picha yaonyesha dude jekundu lainilaini limetoka kwenye kimondo, lameza watu, likila lazidi kunenepa. Kumbe ilikuwa silikoni iliyotiwa rangi. Steve McQueen anaigiza kijana wa shule na sura yake ni ya mwanamume mwenye watoto.

Sasa likaingia ndani ya sinema, likapenyeza kwenye matundu ya chumba cha projekta (Opereta, pole), watu wakatoka mbio mlangoni. Sisi tumo kwenye sinema twaangalia watu waliomo kwenye sinema waliwa! Dadangu aligonga kioo cha mjomba mpaka gari likawashwa. Ukumbi ule uko Phoenixville, Pennsylvania, na mpaka leo kila mwaka wenyeji hukusanyika wakatoka mbio vilevile kwa raha zao.

Lakini mwisho wake ndio siku hizi wanisumbua. Dude halifi. Laganda kwa baridi, linabebwa na ndege kutupwa kwenye barafu ya kaskazini, na McQueen anasema liko salama maadamu kule kutabaki baridi. Haya, taarifa za habari mwazisikia.

Muuguzi wa Zamu

Jamani mimi ni Invasion of the Body Snatchers, 1956, ya Don Siegel. Nilitoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi, nikafunga pazia nikaweka picha inipitishe usingizini. Sikujua inahusu nini.

Ni mji mdogo, kuna daktari. Anakuja mwanamke anasema mjomba wangu si mjomba wangu. Kovu lake lipo palepale shingoni, kumbukumbu zote anazo, sauti ni yake. Ila ndani hayumo. Kumbe kuna maganda makubwa yanaota nakala ya kila mtu, na nakala inachukua nafasi yako ukilala. Ukilala tu!

Mimi macho yananifumba tangu saa kumi alfajiri, na naambiwa usilale. Wako wawili wamebaki, wanakimbia, wanameza vidonge vya kukesha. Kwenye pango mpenzi wa daktari anasinzia kidogo tu, daktari anambusu, anafumbua macho, na kwa yale macho unajua imekwisha. Wala hakuna damu.

Studio iliona mwisho unakatisha tamaa, ikalazimisha vipande vya hospitali mwanzo na mwisho ili kuwe na matumaini. Siegel alitaka ikome pale daktari anapopiga kelele barabarani katikati ya magari na hakuna anayesimama. Yuko sahihi. Kazini ninawaona ndugu wanaokuja kumtazama mgonjwa aliyepata kiharusi, wanasema maneno yaleyale ya yule mwanamke.

Mwana wa Vuga

Nyote mumesema Marekani, Uingereza na Ujapani. Sisi Unguja bibi zetu walikuwa na yao: Mahal, 1949, ya Kihindi. Ashok Kumar, Madhubala, jumba tupu, saa inagonga, mwanamke yuko kwenye pembea anaimba wala hujui mtu au pepo. Bibi yangu aliiona kwenye onyesho la wanawake, wamejifunika mabuibui na wanalia. Ule wimbo ndio uliomtoa Lata Mangeshkar, na santuri za mwanzo hazikuandikwa jina lake, ziliandikwa Kamini, jina la mhusika!

Bibi aliufahamu wote, Kihindi hakijui. Akiuimba huku akikuna nazi usiku, sisi watoto tukikaa mbali na dirisha.

Mbeba Maboksi (Minnesota)

Night of the Living Dead, 1968. Maiti wanatembea, watu wamejifungia kwenye nyumba ya shambani. Damu ni sharubati ya chokoleti. Mhusika mkuu ni Duane Jones, mtu mweusi, na hakuna anayelitaja hilo hata mara moja. Ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani, anapigilia mbao, anapanga, anapona usiku kucha. Asubuhi wanakuja wenye bunduki kusafisha eneo, wanamwona dirishani, wanampiga risasi ya kichwa. Kisha picha za mnato, wanamburuta kwa kulabu.

George Romero amesimulia kwamba walikuwa garini wanaipeleka New York waliposikia redioni Martin Luther King, mpigania haki za weusi, ameuawa. Mimi huku nikisimamishwa na polisi usiku, siyo maiti ninayemkumbuka.

Dogo wa Mbagala

Sawa wazee. MB zangu zinatosha picha moja. Nipeni moja tu.

Baharia

Godzilla 1954.

Muuguzi wa Zamu

Maganda. Na uangalie ukiwa umechoka.

Mbeba Maboksi (Minnesota)

Night of the Living Dead iko bure kihalali mtandaoni. Walipobadilisha jina la picha wakasahau kurudishia alama ya hakimiliki, ikawa mali ya umma. Hutapata shida kuipata.

Opereta Mstaafu (Tanga)

Kwenye simu? Hiyo kioo ya kiganja? Dogo, njoo Tanga, projekta moja ninayo uani, ninakosa kaboni tu.