Tupeane uzoefu: msimu wa Ligi Kuu 2019/2020, ligi iliposimama na iliporudi

Mkazi wa Ipogolo
Ndugu zangu, habari za jioni. Jana nilikaa kijiweni nikawasikia vijana wawili wakibishana kuhusu mfungaji bora wa mwaka wa korona, na mmoja wao akapatia kwamba alikuwa Meddie Kagere kwa mabao yake 22. Nilifurahi kuona wanakumbuka, lakini furaha yangu iliisha nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kuwa msimu ule Iringa ilikuwa na timu Ligi Kuu. Lipuli, Wanapaluhengo, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam pale Ilulu mwaka 2019 na kupoteza kwa bao moja tu, ilishuka daraja mwaka uliofuata, na leo kijana wa Iringa anaisikia kama habari ya kale. Naomba kila aliyeuishi msimu ule aeleze yaliyompata: ulikuwa wapi Serikali iliposimamisha michezo Machi 17, ulikuwa wapi mpira uliporudi Juni 13, na timu yako ilibaki na nini baada ya hapo.

Jangwani Daima
Kwangu mimi wa Yanga msimu ule una tarehe moja, nayo ni Machi 8. Bernard Morrison alipiga mpira wa adhabu ukamshinda Aishi Manula, tukaondoka Uwanja wa Taifa na ushindi wa 1-0 dhidi ya watani zetu Simba. Siku tisa baadaye kila kitu kilifungwa, kwa hiyo tuliishi na bao lile kwa takriban miezi mitatu huku mtaa mzima ukiwa hauna mechi nyingine ya kuzungumzia. Sijawahi kupata raha ya mpira iliyodumu namna hiyo.

Msimbazi Asilia
Kaka, raha hiyo ilikatika Julai 12 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba tulipowafunga mabao manne kwa moja. Na ubingwa wa ligi tulikwisha kuutwaa Juni 28 pale Sokoine, Mbeya, kwa suluhu na Prisons, ukiwa wa tatu mfululizo. Nilikuwa jukwaani, na sitaisahau baridi ya Mbeya siku ile wala namna watu tusiofahamiana tulivyokumbatiana wakati tulikuwa tumeambiwa tukae mbali mbali.

Jangwani Daima
Mada ni Ligi Kuu, ndugu yangu, na Shirikisho si Ligi Kuu. Katika ligi mlipata pointi moja kwetu kati ya sita: sare ya 2-2 Januari 4, ambapo mliongoza mabao mawili tukayarudisha yote, na kipigo cha Machi 8.

Msimbazi Asilia
Pointi moja kwenu na kombe kabatini kwetu. Hesabu gani unaipenda zaidi?

Mkazi wa Ipogolo
Nawaheshimu wote wawili, lakini ninyi mlikuwa mnagombea sifa. Nilitaka tuwasikie waliokuwa wanagombea kubaki.

Muuza Skafu Temeke
Kaka wa Ipogolo, shukrani kwa kuileta mada hii, kwa sababu sisi tunaofanya biashara nje ya uwanja hatukuulizwa na mtu. Nilikuwa nimekopa kwenye kikoba nikachukua mzigo wa skafu na jezi wa kunitosha hadi mwisho wa msimu, kwa kuwa baada ya mechi ya watani biashara huwa nzuri wiki nyingi mfululizo. Tangazo lilipotoka, mzigo wote ukaenda chini ya kitanda, na marejesho ya kikoba yakaendelea kudaiwa kila Jumamosi. Kilichoniokoa ni barakoa. Fundi jirani yangu alikuwa na mabaki ya vitambaa vyekundu na vya kijani, tukaanza kushona barakoa za rangi za timu, na watu walizinunua hata kabla ligi haijarudi kwa sababu walikuwa na hamu ya kuvaa chochote kinachohusu mpira. Ushauri wangu kwa wenzangu ni kwamba usichapishe mwaka wala jina la mchezaji kwenye bidhaa yako: rangi haiozi, lakini mchezaji huhama. Mliomwona Morrison alivyohama mwaka uleule mnanielewa.

Kuchele Damu
Nimesoma hadi hapa nikaona siwezi kunyamaza. Mimi ni wa Mtwara, na kwetu Ndanda haikuwa timu ya kushabikia Jumamosi tu. Ilikuwa sababu ya Simba na Yanga kuja kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona, sababu ya nyumba za wageni kujaa, na sababu ya watoto wetu kuamini kwamba mtu anaweza kutoka Kusini akaonekana na nchi nzima. Ligi ilipokuwa inaelekea ukingoni tulichangishana fedha za mafuta ya basi la timu, mwenye elfu mbili akatoa elfu mbili, na mzee mmoja muuza korosho akaleta mfuko wa korosho zilizobanguliwa akasema wachezaji wale njiani kwa kuwa hakuwa na fedha taslimu.

Kisha ikaja wiki ile ya mwisho. Ijumaa, Julai 24, tuliamka na taarifa kwamba Mzee Benjamin Mkapa amefariki dunia, na kwetu hakuwa rais mstaafu pekee bali mtoto wa Lupaso, Masasi, mtu wa nyumbani. Jumapili, Julai 26, ligi ikafungwa na Ndanda ikawa miongoni mwa timu zilizoshuka. Jumatano tukamzika Mzee. Nilikuwa Masasi kwa shangazi yangu siku hizo, na wageni waliokuja msibani walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu mambo hayo mawili kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Uwanja wa Taifa ukapewa jina lake siku zilezile. Nilifikiri jambo moja ambalo linanisumbua mpaka sasa: uwanja mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa umepata jina la mtu wa mkoa wetu, na mkoa wetu haukuwa na timu ya kwenda kucheza humo. Tangu msimu uliofuata, aliyetaka kuona Ligi Kuu Kusini ilibidi asafiri hadi Ruangwa kuwatazama Namungo.

Jangwani Daima
Pole sana, kaka. Hili sikulijua.

Kirumba Jukwaa Kuu
Mtwara mlipoteza moja, Mwanza tulipoteza mbili kwa mpigo. Alliance walishuka moja kwa moja, na Mbao wakaenda kwenye mchujo wakatolewa na Ihefu. Watu wanasahau kwamba ligi ilikuwa na timu 20 na Bodi ya Ligi ilikuwa inaipunguza hadi 18, ndiyo maana zilishuka nne moja kwa moja na mbili zikapelekwa kwenye mchujo. Kwa hali ile ya korona, kanuni hiyo ilipaswa kuahirishwa. Huwezi kuzifungia timu ndani miezi mitatu, uzirudishe bila fedha, halafu uzishushe kwa wingi kuliko kawaida.

Msimbazi Asilia
Kanuni ilijulikana tangu Agosti. Korona haikumfungia Singida United peke yake, na Singida walikuwa mkiani hata kabla ya Machi.

Kirumba Jukwaa Kuu
Ilijulikana kwa msimu wa kawaida. Timu yenye mfadhili mkubwa ilikaa miezi mitatu ikilipa mishahara, na timu ya wanachama haikuweza. Mliporudi uwanjani hamkuwa mnashindana katika hali moja.

Kisumu Kwetu
Nawasikiliza kutoka Kenya, na naomba kuongeza neno. Kwetu ligi haikurudi kabisa. Shirikisho la soka lilikatisha msimu na kuwatangaza Gor Mahia kuwa mabingwa, na Uganda nao wakawapa Vipers. Mimi ni shabiki wa Gor, na nakiri kwamba ubingwa wa kusomewa kwenye taarifa hauna ladha, mbali na malalamiko yaliyofuata kutoka kwa wengine. Nyinyi angalau mlishuka mkiwa uwanjani.

Kuchele Damu
Ndugu wa Kisumu, nakuheshimu, lakini aliyeshuka hafarijiki kwa kuwa alishukia uwanjani.

Mtunza Vifaa
Nimekuwa msomaji tu, lakini mliposema habari ya timu kurudi bila fedha mmenigusa mahali penyewe. Nilikuwa mtunza vifaa wa mojawapo ya timu za ligi msimu ule. Sitaitaja, na naomba msinishurutishe.

Siku ya tangazo, jezi zilikuwa kwenye kamba nyuma ya hosteli, bado zinachuruzika maji. Kiongozi mmoja akaja akasema kila mtu aende kwao, mishahara itafuata kwa simu. Walioweza kusafiri walisafiri. Mchezaji mmoja kutoka nchi jirani alikwama, akabaki na mimi hostelini, tukawa tunapika ugali na dagaa wawili tu katika jengo lenye vitanda vya watu thelathini. Mishahara haikufuata. Kufikia Mei mchezaji huyo alikuwa ameuza njumu zake, na nilipomuuliza atachezea nini akasema mpira ukirudi Mungu atajua.

Tuliposikia mpango wa kwanza kwamba mechi zote za Ligi Kuu zingechezewa Dar es Salaam, tulifurahi, kwa sababu gharama ya safari ndiyo iliyokuwa inatuua. Kisha ukabadilishwa, tukarudi kwenye nyumbani na ugenini. Sasa sikilizeni. Asubuhi ya mechi mojawapo ya nyumbani, mwenye hosteli alifika na kufuli lake jipya akafunga stoo. Alikuwa anadai kodi ya tangu Februari. Ndani ya stoo kulikuwa na jezi, mipira, glovu za makipa na sanduku la dawa la daktari wa timu. Mechi ilikuwa saa kumi. Viongozi walikuwa hawapokei simu. Nahodha na mimi tulipiga magoti mbele ya yule mzee, na simwiti mtu mbaya, kwa kuwa naye alikuwa na watoto na nyumba yake ilikuwa imekaliwa bure. Alisema anataka rehani. Nahodha akatoa pete yake ya ndoa, mimi nikatoa simu yangu, na kipa wa akiba akatoa redio aliyokuja nayo kutoka kwao. Mzee akaitazama ile pete kwa muda mrefu, akamrudishia nahodha, akachukua simu na redio, akafungua.

Tulifika uwanjani wapinzani wakiwa wamekwisha kupasha misuli. Tulipata sare. Mwisho wa msimu tulishuka, na wapo wachezaji ambao mpaka leo hawajalipwa fedha za miezi ile.

Kirumba Jukwaa Kuu
Timu gani hiyo?

Jangwani Daima
Walau taja kanda.

Mkazi wa Ipogolo
Mwacheni. Amekwisha kusema hatataja. Ndugu Mtunza Vifaa, nimeisoma mara mbili, na moyo umeniuma.

Mwanasheria wa Kijiweni
Kwa wachezaji wanaosoma hapa: kabla hujasaini, hakikisha unabaki na nakala ya mkataba na kwamba umesajiliwa TFF, yaani shirikisho la mpira wa miguu nchini. Mshahara ukikosekana, andika barua ya madai ipokelewe kwa muhuri, kisha peleka shauri kwenye kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Maneno ya kiongozi kwenye simu hayatakusaidia.

Winga wa Daraja la Kwanza
Mheshimiwa, mimi nimecheza, na nakwambia ukipeleka shauri viongozi wanapigiana simu na msimu unaofuata hupati timu. Bora uombe barua ya kuachiwa, usamehe deni, uendelee kucheza.

Mwanasheria wa Kijiweni
Ndiyo maana hawalipi. Kila mmoja akisamehe, anayefuata ataonewa vilevile.

Muuza Skafu Temeke
Mimi nawashauri waoe walimu. Mshahara wa Serikali uliingia hata ligi iliposimama.

Winga wa Daraja la Kwanza
Dada, mke wangu ni mwalimu, na ni kweli kabisa. Alinilisha mwaka mzima ule.

Msimbazi Asilia
Nilikuja hapa kutambia ubingwa, lakini nina swali moja la dhati kwa Mtunza Vifaa: yule mchezaji aliyeuza njumu, alicheza?

Mtunza Vifaa
Alicheza. Mchezaji mwenzake aliyekuwa majeruhi alimwazima zake, zilikuwa zinambana namba moja, tukazilowesha maji usiku kucha na kuzijaza magazeti. Alicheza mechi zote zilizobaki, kisha akarudi kwao. Na kwa kuwa Mwanasheria ametaja nakala: nilihifadhi daftari la mahudhurio ya mazoezi na nakala za mikataba ya wachezaji ambao waliniachia karatasi zao. Mchezaji yeyote wa timu ile anayesoma hapa na ambaye bado anadai, anajua nyumbani kwangu. Aje achukue ya kwake.